Nyumba Haiuzwi Gizani: Mwenye Nyumba, Dalali na Mnadi katika Historia ya Mwambao

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya sokoni, na huko sokoni imekaa mahala pake: kanga nzuri humvuta mnunuzi bila ya kuitiwa, na samaki aliyelala hana budi kuzungushwa mitaani. Lakini ukiichukua methali hiyo ukaipeleka kwenye nyumba, hukwama mlangoni. Nyumba, hata ikiwa na mlango wa nakshi na boriti za mkoko, haiwezi kujiuza wala kujitembeza. Haibebeki begani, haitandazwi juu ya jamvi, haiendi gulioni. Anayetaka kuiuza hana njia ila kuipeleka habari yake kwa watu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wenye nyumba wa mwambao wamejiuliza kwa muda mrefu: je, habari hiyo aipeleke mwenyewe, au ampe mtu mwengine aipeleke kwa ujira?

Siku hizi swali hilo aghalabu hujibiwa kwa hesabu. Dalali atachukua kiasi gani, na mwenye nyumba atabakiwa na kiasi gani? Hesabu hiyo ina haki yake. Lakini historia ya visiwa vyetu na ya mwambao mzima yaonyesha kuwa chini ya hesabu hiyo limelala jambo zito zaidi, nalo ni hili: nani apate kujua kwamba nyumba inauzwa? Mauzo mengi yaliyoleta majuto hayakuharibika kwa sababu ya ujira wa dalali. Yaliharibika kwa kuwa mtu aliyestahiki kujua hakuambiwa.

Jina na kazi yake

Neno dalali limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuonyesha njia au kuelekeza. Katika shina hilo hilo ndimo lilimozaliwa neno letu jengine, dalili. Kwa hiyo dalali na dalili ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja ni mwenye kuonyesha, wa pili ni kile kinachoonyesha. Mnada nao umetokana na wito, na mnadi ni mwenye kuita kwa sauti. Kwa asili ya majina haya, mtu wa kati katika biashara ana kazi mbili: kuonyesha na kutangaza. Kuficha hakumo.

Kazi hiyo imetiliwa shaka tangu zamani. Imepokewa na Qays bin Abi Gharaza kwamba wafanyabiashara wa Madina walikuwa wakiitwa kwa jina la madalali, na Mtume (S.A.W.) akawaita kwa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara, kisha akawausia waichanganye biashara yao na sadaka, kwa kuwa soko huingiwa na upuuzi na viapo. Kadhalika limepokewa katazo la mtu wa mjini kumuuzia bidhaa mtu atokaye jangwani, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake akajibu kuwa asiwe dalali wake. Wanazuoni wametofautiana juu ya mipaka ya katazo hilo, na udalali wenyewe haukuharamishwa. Lakini hofu iliyomo yaeleweka: anayejua bei akikaa kati ya wasioijua, ujuzi wake waweza kuwa huduma na waweza kuwa mtego.

Katika mwambao wetu, ushahidi wa mtu wa kati ni wa kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ambayo aliiona inafaa kuandikwa. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilipokea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mfanyabiashara akawa mgeni wa mmoja wao. Tangu hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni wake na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia pasipo mwenyeji kuwepo, biashara hiyo haikutambuliwa. Mwenyeji huyo alikuwa dalali, lakini alikuwa pia mdhamini na shahidi. Alipata faida, na hapana shaka ndiyo sababu watu wa Mogadishu waliipenda desturi ile. Lakini faida yake ilifungamana na jina lake. Mgeni akidhulumiwa, mji mzima ulijua alilala nyumba gani.

Nyumba zisizouzwa

Biashara aliyoiona Ibn Battuta ilikuwa ya bidhaa. Nyumba ni jambo jengine, na katika miji mingi ya Waswahili nyumba ya mawe haikuhesabiwa kuwa bidhaa hata kidogo. Katika Lamu na Pate, koo za waungwana zilijenga nyumba zao kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na binti alipoolewa alipewa nyumba, au sehemu ya nyumba, naye mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Familia ilipokua, orofa iliongezwa juu, au likajengwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite kutoka upande huu hadi ule bila ya kushuka njiani. Nyumba ya namna hiyo ina mipaka gani hata iuzwe? Ukiuza upande mmoja wa wikio, umemuuza shangazi yako pamoja na ukuta wake.

Katika Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, jambo hili lilipewa jina na kanuni. Huko mali ya manyahuli hupita kwa upande wa wanawake, na nyumba ambayo baba au mjomba humjengea binti kwa ajili ya ndoa yake huwa ya binti huyo na ya kizazi chake cha kike. Wanaume wa ukoo huitunza na hujivunia, lakini si yao ya kuuza. Desturi hiyo imeishi pamoja na sheria ya mirathi ya Kiislamu kwa muda mrefu, na wanazuoni na wazee wa Ngazija wamejadiliana juu ya namna ya kuzipatanisha.

Katika mazingira hayo, kuuza nyumba kulikuwa ni msiba au fedheha. Aliyefika hapo alijua kwamba watu watasema: wameishiwa. Ndiyo maana familia iliyolazimika kuuza ilitafuta sitara, na ndiyo maana ilimtafuta mtu wa kati. Mwenyewe hawezi kusimama barazani akajadiliana bei ya chumba alichozaliwa ndani yake. Tena na nani? Na jirani, au na mtoto wa aliyekuwa mtumishi wao. Dalali alimkinga na aibu hiyo. Alikwenda usiku kwa mtu mwenye uwezo, akazungumza kwa mafumbo, akarudi na jibu. Ni lazima jambo hili litajwe kwa uadilifu, kwa sababu wengi wanaomlaumu dalali kwa usiri wake husahau kuwa usiri huo aliagizwa na mwenye nyumba.

Basi tangu mwanzo palikuwa na mvutano. Anayeuza anataka sitara; wenye haki ndani ya nyumba wanataka wajue. Sheria iliyotawala mauzo katika miji yetu ilikuwa na kazi ya kuupatanisha mvutano huo.

Haki ya kujua

Fiqhi ya mauzo, kama ilivyohukumiwa na makadhi wa mwambao, imesimama juu ya kujua. Muuzaji anatakiwa aitaje aibu ya kitu anachokiuza. Akiificha, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Methali yetu yasema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na hilo ndilo tatizo la kila mnunuzi: mwenye nyumba analijua paa linalovuja mwezi wa masika na ukuta unaonyonya maji ya chumvi, mnunuzi anaona chokaa mpya. Mnada umeruhusiwa. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliuza kwa mnada nguo na chombo cha maji cha maskini mmoja wa Kiansari, akiuliza nani atazidisha, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Lakini imekatazwa mtu kupandisha bei ilhali hana nia ya kununua, ili amvute mwengine alipe zaidi. Dalali anayemtaja mnunuzi wa uongo, akasema jana alikuja mtu akatoa zaidi ya hivyo, anatenda jambo ambalo wanazuoni walilijua kwa jina lake karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwake.

Kanuni yenye uzito zaidi kwa nyumba ni ile ya shufaa. Baba akifariki, nyumba yake huwa ya warithi kwa mafungu: mke aliyeachwa na watoto hupata thumni, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya fungu la dada yake. Kabla ya kugawanywa, kila mmoja ni mbia katika kila tofali. Mmoja wao akiliuza fungu lake kwa mgeni, wabia waliobaki wana haki ya kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile na kumzuia mgeni asiingie. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa mwambao, haki hiyo ni ya mbia. Mahanafi wameipa na jirani. Nayo sharti idaiwe mara moja. Mbia akijua akanyamaza bila ya udhuru, haki imempita. Lakini hahesabiwi kuwa amenyamaza mpaka habari imfikie.

Katika hayo imo hekima kubwa ambayo wauzaji wa leo hawaitii maanani. Muuzaji anayewaficha ndugu zake hadhani ila kwamba amewakwepa. Kwa hakika ameiacha haki yao ikiwa hai, na amemuuzia mnunuzi kesi. Kadhalika ilivyo kwa wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba za wakfu ni nyingi, nyengine kwa ajili ya misikiti, nyengine kwa ajili ya kizazi cha mwekaji au watumwa aliowaacha huru. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali iliunda kamisheni ya kuzisimamia. Aliyenunua bila ya kuuliza, akaja kugundua kuwa nyumba ni wakfu, hakuwa na wa kumlaumu ila yule aliyemwonyesha mlango na asimwonyeshe waraka.

Unguja: nyumba yageuka fedha

Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulibadilika kuliko mji wowote wa mwambao. Sayyid Said bin Sultan aliufanya makao yake, mashamba ya karafuu yakapandwa, misafara ya pembe ikaelekea bara, na majumba ya mawe yakajengwa kwa wingi Shangani, Malindi na kwengineko. Wenye majumba hayo walihitaji mtaji wa fedha taslimu, na fedha zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi. Riba ni haramu. Njia iliyotumika ilikuwa bei ya khiyari.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mwenye nyumba alimuuzia mwenye fedha nyumba yake kwa kiasi walichoafikiana, kwa sharti la kuwa na khiyari ya kuikomboa kwa kiasi kile kile ndani ya muda maalumu. Wakati huo huo aliyeuza aliendelea kukaa ndani kama mpangaji, akilipa kodi. Katibu aliandika waraka kwa Kiarabu, mashahidi wakatia majina yao. Kwa maandishi palikuwa na mauzo na palikuwa na upangaji. Kwa hakika palikuwa na mkopo, na kodi ndiyo faida ya mkopeshaji. Nyaraka za namna hii zimehifadhiwa kwa wingi katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na katika miaka ya karibuni wanahistoria Fahad Bishara, katika kitabu cha 2017, na Thomas McDow, katika kitabu cha 2018, wameonyesha jinsi biashara ya bahari ya Hindi kutoka Maskati hadi maziwa ya bara ilivyosimama juu ya karatasi hizo.

Kwa mada yetu, bei ya khiyari ina funzo la pekee. Hapa mwenye nyumba aliuza mwenyewe, uso kwa uso, na mara nyingi jirani hakujua lolote, kwa kuwa siku ya pili alimwona bwana yule yule akitoka mlango ule ule. Sitara ilikuwa kamili. Lakini muda ulipokwisha na fedha zisipatikane, nyumba ilikwenda, na wake na watoto wakajua siku hiyo kwamba walikuwa wapangaji kwao. Mahakimu wa Kiingereza, baada ya Zanzibar kuwa chini ya himaya mwaka 1890, walijadili sana kama hayo ni mauzo au ni rehani. Mwaka 1934 serikali, ikihofia kuwa mashamba yangewatoka Waarabu na Waafrika kwa sababu ya madeni, ilitunga sheria ya kuzuia ardhi yao isihamishwe kwa watu wa jamii nyengine bila ya idhini. Sheria hiyo ilijenga uhasama wake wenyewe. Hata hivyo ilikiri jambo moja: kwamba kuuza kimya kimya kulikuwa kumefika mahali ambapo mji mzima ulikuwa ukidaiwa bila ya kujijua.

Wakati huo huo sauti ya mnadi ilianza kuhamia kwenye karatasi. Gazeti rasmi la serikali lilianza kutoka mwaka 1892, na matangazo yakaanza kuchapwa kwa lugha na hati ambazo wakaazi wengi wa mji hawakuzisoma. Tangazo lilikuwepo; lakini waliotangaziwa hawakuwa wale waliokuwa wakikaa ndani ya nyumba.

Ng'ambo: nyumba bila ya kiwanja

Upande wa pili wa mkono wa bahari, Ng'ambo, mambo yalikuwa na sura nyengine. Huko waliishi mafundi, wachukuzi, wavuvi, na wengi waliotoka utumwani au waliozaliwa na waliotoka utumwani, hasa baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa kisheria. Walijenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Kiwanja kilikuwa cha mwengine, aghalabu tajiri wa upande wa Mji Mkongwe au wakfu. Mtu aliweza kuuza nyumba na asiwe na haki hata ya mchanga ulio chini ya kizingiti chake.

Mauzo ya Ng'ambo hayakuwa na siri nyingi. Nyumba ilijengwa kwa msaada wa majirani, na ilipouzwa majirani ndio waliokuwa mashahidi wa nani aliijenga na nani ana sehemu ndani yake. Lakini wenye viwanja walipozidi kudai kodi ya kiwanja na kuipandisha, ikadhihirika jinsi mali hiyo ilivyokuwa dhaifu. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa, na mgomo huo ukawa mojawapo ya matukio makubwa ya siasa za mji kabla ya vyama. Waligoma kwa sababu walijua kuwa kodi ikizidi uwezo, kinachouzwa ni nyumba, na bei yake huwa ile anayoipenda mwenye kiwanja.

Hali hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Mombasa hadi leo zipo nyumba nyingi zilizosimama juu ya ardhi ya mtu mwengine, na mnunuzi asiyeuliza kama ananunua nyumba au nyumba na kiwanja chake hujikuta ameingia katika ugomvi wa miaka mingi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la dalali wa kweli, katika mji wa namna hii, si bei. Ni: unauza nini?

Miaka ya ukimya

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, soko la nyumba Unguja lilinyamaza. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wengi wakaondoka, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba ndani ya majumba hayo. Ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma. Tanzania Bara nako, sheria ya mwaka 1971 iliyachukua majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, hasa ya kupangisha. Kwa takriban miaka 20, yule mtu wa barazani aliyejua nyumba ipi inatafuta mnunuzi hakuwa na kazi. Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba, na haikuhitaji dalali.

Katikati ya miaka ya 1980 upepo uligeuka. Biashara ililegezwa, Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe ikaundwa mwaka 1985, na serikali ikaanza kuziuza nyumba ilizokuwa nazo, nyingi zikiwa mbovu kwa kukosa matengenezo. Sheria ya mwaka 1992 ikathibitisha kuwa ardhi ya Zanzibar ni ya umma na mtu hupata haki ya kuitumia. Utalii ukaja, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lamu ikafuata mwaka 2001, ambako tangu miaka ya 1970 wageni kutoka Ulaya walikuwa wamekwisha kununua nyumba za kale, hapo mjini na Shela. Nyumba ambayo kwa miaka mingi haikuwa na bei ikapata bei ya hoteli.

Katika mauzo hayo palikuwa na watu watatu mbele ya kila mlango, hata kama mmoja hakuonekana: anayeuza, anayenunua, na yule aliyeondoka mwaka 1964 na ufunguo wake. Wapo waliorejea kutoka Oman au Uingereza wakakuta mlango wa baba yao umeandikwa jina la mgahawa. Suala hilo ni zito, na halitatuliwi katika insha ya udalali. Lakini linaeleza kwa nini katika miji yetu neno "hati" hutamkwa kwa sauti ya chini.

Dalali wa leo

Soko liliporudi, dalali alirudi, lakini si yule yule. Dalali wa samaki bado yupo kama alivyokuwa: ukienda sokoni asubuhi utamsikia akiita bei mbele ya kadamnasi, kila mtu akiona samaki na kusikia nani amezidisha. Dalali wa nyumba hafanyi hivyo. Habari ya nyumba huipokea kwa simu na kuipeleka kwa simu. Mwenye nyumba hutaja bei anayoitaka. Dalali wa kwanza huongeza cha juu, wa pili naye huongeza chake, na mnunuzi anapoletwa mlangoni hukuta watu wanne wamesimama, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyemleta. Katika kupangisha, ada imezoeleka kuwa kodi ya mwezi mmoja. Katika kuuza, ni maafikiano, na maafikiano yasiyoandikwa huzaa maneno. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba mwaka 1984. Lakini dalali wa mtaani, huko na huku, aghalabu hana ofisi ila miguu yake na simu yake.

Kwa hiyo wengi huamua kuuza wenyewe, na wana sababu. Huokoa ujira, na humjua mnunuzi kwa sura. Walakini anayeuza mwenyewe huuza kwa mwanga alionao. Kama hajui nyumba za mtaa wake zimeuzwa kwa kiasi gani, atamuuzia wa kwanza aliyekuja na fedha mkononi, na huyo aghalabu anajua bei kuliko yeye. Mjane aliyebaki na watoto, mzee anayetaka fedha za matibabu, hao ndio wanaonunuliwa rahisi zaidi wanapokuwa peke yao. Dalali mwaminifu, anayejua bei, anayesoma hati na anayekataa kuiuza nyumba yenye mgogoro, anastahiki ujira wake.

Tatizo ni kwamba usiri ule ule unaomsitiri mwenye shida humsitiri na mwizi. Katika Dar es Salaam watu wamezoea kuona kuta zilizoandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huweza kucheka, kwa sababu kila nyumba asiyoiona na tangazo haiuzwi. Mwenyeji hacheki. Anajua kuwa ndani ya nyumba ile yumo mama ambaye mwanawe amekwisha kuionyesha kwa wanunuzi, au ndugu watano ambao wa sita anataka kuuza, au mke ambaye mumewe amechukua hati kabatini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Lakini sheria iko katika kitabu, na ukuta uko njiani. Zamani mnadi alitembea akiita kuwa nyumba fulani inauzwa. Leo wenye nyumba wamelazimika kunadi kuwa yao haiuzwi.

Ipo kanuni moja ya zamani ambayo bado inafaa kukumbukwa. Sheria ya minada ya Tanzania Bara inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo la siku zisizopungua 14, mahali pale utakapofanyika mnada na katika mji mkuu wa wilaya. Tena tangazo hilo lisiwe la maandishi tu, liwe pia kwa njia inayofahamika na watu wasiosoma, na liwe kwa Kiswahili. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa wakoloni, na huenda hawakumfikiria mjane wa Kariakoo. Lakini waliielewa haki iliyokuwemo katika sauti ya mnadi: anayekaa ndani ya nyumba asikie.

Mwenye kuuza nyumba leo, awe peke yake au na dalali, aweza kujipimia kwa haki hiyo. Kabla ya bei, na awaite warithi wote, wa karibu na walio safarini, awaambie. Amwambie mwenzake wa ndoa. Amwonyeshe sheha, au serikali ya mtaa, hati yenyewe na si nakala ya simu. Amtajie mnunuzi paa linalovuja. Kama ana dalali, waandikiane ujira na waandikiane bei, ili cha juu kisiwe siri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akishayafanya hayo, hesabu ya kuuza mwenyewe au kumpa dalali huwa ni hesabu ndogo, na aweza kuifanya jioni moja barazani. Asipoyafanya, hata akiuza kwa bei njema na bila ya kumlipa mtu senti moja, atakuwa ameuza kitu ambacho huenda si chake, na watakaokuja kudai watakuwa ni damu yake.